Mama Alipokataa Kusukutua

Mama yangu alikuwa na mwanya. Mwanya hasa, kati ya meno mawili ya juu ya mbele, na nusu ya Koboko waliujua mwanya ule kabla ya kumjua mwenyewe. Kwetu sisi Wanubi, mwanamke mwenye mwanya akiimba, watu hutazama mdomo kwanza, wimbo baadaye. Naye aliimba kwenye harusi za watu tangu usichana wake. Alisimama mbele ya ngoma, mkono kiunoni, na mstari wake wa kwanza ukitoka, wapishi waliacha masufuria yaungue ili waje kumwona. Hayo nimeyasikia zaidi kuliko kuyaona, maana mimi nilipopata akili mama alikuwa keshaacha kuimba.

Aliacha tulipokuwa Sudan. Mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka, baba, aliyekuwa askari wa serikali hiyo, alitupandisha kwenye lori pale Arua akatuambia tutangulie, yeye atatukuta ng'ambo. Tulivuka mpaka pale Oraba na magodoro kichwani. Tulimsubiri pale Kaya, tukasogea mpaka Yei, tukamsubiri na huko. Hakuja. Huyu alisema alimwona akianguka njiani, yule akasema yuko Kongo, ana duka na tumbo. Maiti hakuna, barua hakuna. Mama hakukaa eda, kwa sababu eda ni ya mume aliyekufa, na kwake yeye mume wake alikuwa amechelewa tu. Na hakuimba tena. Watu wakalielewa jambo hilo, tena wakaliheshimu. Akipita, wanawake walishusha sauti: "Yule, tangu mume wake apotee, wimbo umemkauka." Nami miaka yote hiyo niliamini hivyo hivyo.

Tulirudi Koboko katikati ya miaka ya themanini, tukakuta nyumba yetu imebaki kuta na majani. Tukaiezeka, tukaikandika upya. Mama akauza chai na mandazi, mimi nikakua, nikaposwa na kijana wa ukoo mzuri, na miaka ya tisini ilipoanza harusi yangu ikapangwa mara tu baada ya Idi. Hapo ndipo matata yalipoanza.

Kwetu mama wa bibi harusi ana wimbo wake, na si hiari. Bibi harusi anakuwa ndani chumbani, amefunikwa, haoni mtu wala haonekani. Mama anasimama uani mbele ya ngoma anamwimba mwanawe: amezaliwa wapi, amelelewa vipi, na katikati ya wimbo pana mahali pa jina la baba. Mama asipoweza, shangazi huimba. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyeishi mjini Arua, alikuwa tayari ameshajifunga kibwebwe.

"Wifi, wewe pumzika," alimwambia mama. "Mtoto nitamwimba mimi."

"Hapana," mama akajibu upesi, mkono mdomoni. "Nitamwimba mwenyewe."

Nilijua kwa nini. Shangazi kila alipomtaja baba aliweka neno marehemu mbele ya jina, na kila alipoliweka, mama aliinuka akaenda kuosha vikombe, hata kama vikombe vilikuwa safi.

Lakini huo mkono mdomoni! Nilikuwa nimeuzoea mpaka siuoni. Mama akicheka, mkono. Akisalimia wageni, pembe ya mtandio. Sisi tulidhani ni haya ya mke asiye na mumewe karibu. Siku ile, baada ya shangazi kuondoka, nilimkabili. Mimi sina subira, Mungu aliniumba bila hiyo.

"Mama, utaimbaje na mkono mdomoni? Fungua nione."

"Ondoka hapa, huna adabu."

"Sina. Fungua."

Akafungua. Loo! Yale meno mawili ya mwanya yalikuwa yameliwa, kila moja kwa upande wake, mashimo ya rangi ya kahawa yaliyopanda mpaka karibu na ufizi. Kule Sudan alikuwa akiuza chai, na muuza chai huonja kila birika, na chai yetu bila sukari nyingi ni tusi kwa mgeni. Usiku alikuwa akishindilia punje ya karafuu kwenye shimo, analala na maumivu yake bila kutuambia. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa, nikamkumbatia.

Shangazi aliposikia, shauri lake lilikuwa fupi: yang'olewe, yawekwe ya bandia, watu wengi mjini wanayo. Mama akamtazama. "Jino la pembe si dawa ya pengo," akasema, na mazungumzo yakafa pale pale. Akitaka jambo lisizungumzwe, mama alikuwa na methali.

Basi ni shangazi huyo huyo, na ninamshukuru, aliyetuambia juu ya daktari mmoja wa meno pale Arua, njia ya kupanda kilimani. Alikuwa mkimbizi kutoka upande wa Juba, Mkristo, mrefu kama mlingoti. Alisifiwa kwa jambo moja: hapendi kung'oa. Wakati ule kwenda kwa mganga wa meno maana yake ilikuwa kurudi na pengo, kwa hiyo mtu asiyependa kung'oa alikuwa kioja. Ramadhani ilikuwa imeshaingia. Tukapanda lori la tumbaku alfajiri, tukafika tumejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Chumba chake kilikuwa kidogo, kina kiti cha mbao chenye mahali pa kuegemeza kichwa, beseni, na vyombo vyake vilivyopangwa juu ya kitambaa cheupe. Umeme hakuna. Alimtazama mama kwa kioo kidogo na mwanga wa dirishani, akagusagusa, akanigeukia mimi kwa Kiswahili chake cha barabarani.

"Hii meno mbili bado iko hai. Mimi nitafunga ugonjwa, hapana kutoa."

Akatueleza kazi. Ana dawa yenye madini ya fedha, ndani ya chupa nyeusi. Ukiipaka kwenye uozo, uozo unasimama, haufiki mbele tena. Ubaya wake ni kwamba mahali palipooza panageuka peusi kama mkaa, na weusi huo hautoki. Juu yake anaweza kuziba kwa simenti nyeupe ya meno, anayochanganya mwenyewe, unga na maji yake, ili weusi usionekane na shimo lisijae chakula. Lakini si siku moja. Leo dawa, halafu mama arudi baada ya wiki, jino likiwa limekauka na kuwa gumu.

"Weusi!" mama akashtuka. "Nisimame mbele za watu na meno meusi? Watasema mama wa bibi harusi anatafuna tumbaku. Weka dawa, weka na simenti, leo leo."

"Mama, haraka hapana mzuri."

Hapo wakaacha Kiswahili. Kinubi chetu na Kiarabu cha watu wa Juba ni ndugu wa tumbo moja, na mama alipogundua kwamba anaelewana na mtu huyu neno kwa neno, alikaa vizuri kitini akamweleza, mimi nimesimama pale pale kama sipo. Alimwambia kwamba yeye alikuwa mwimbaji. Kwamba kulikuwa na harusi huko Yei, mwaka wa pili wa ukimbizi, akaitwa aimbe, akaimba, na katikati ya mstari kipande cha jino kikavunjika kikaruka nje mbele ya watu. Sauti ikaanza kupiga mluzi penye mwanya. Wasichana wa mbele wakacheka, wakajiziba midomo. Alimaliza wimbo, akarudi nyumbani, hakuimba tena.

"Watu wakasema ni kwa ajili ya mume wangu," akamalizia. "Nikawaacha waseme."

Wallahi nilikosa pa kuweka uso. Miaka yote hiyo tunashusha sauti, tunaheshimu msiba, kumbe ni meno! Nilitaka kucheka, na machozi yakawa yananitoka. Daktari hakucheka. Alisema sawa, atajaribu leo leo, lakini mama amsaidie.

Akafungua chupa nyeusi. Alizungushia pamba kwenye kijiti, akakausha meno, akapaka, akangoja, akapaka tena. Chumba kikanuka kama sarafu ya zamani iliyoshikwa na mkono wenye jasho. Mbele ya macho yangu yale mashimo yakaanza kubadilika rangi. Kisha akamletea mama bilauri ya maji na beseni.

"Sasa sukutua, mama. Sana. Dawa itoke juu, ibaki ndani peke yake."

Mama akafunga mdomo. "Nimefunga."

"Hapana kumeza. Sukutua, tema."

"Nimefunga, mwanangu."

Nikaingilia. "Mama, mbona wakati wa udhu unasukutua? Mara tano kwa siku!"

"Yale ni maji ya udhu," akasema bila kunitazama. "Haya ni maji ya dawa. Yakipita koo, saumu yangu imekwenda. Utanirudishia wewe?"

"Msafiri ana ruhusa ya kufungua, mama. Utalipa siku nyingine."

"Koboko na Arua ndiyo safari? Mimi nimefunga njiani kutoka Yei kwa miguu, ije kunishinda Arua?"

Basi, hapo umefika mwisho wa barabara. Koboko wapo wengi wa aina hiyo, mchana wa Ramadhani wanatema hata mate. Daktari alinitazama, nikainua mabega. Akafuta meno kwa pamba yenye unyevu kidogo, zaidi ya hapo mama alikataa, akachanganya simenti yake juu ya kipande cha kioo, akajaza, akakandamiza kwa kidole kilichopakwa mafuta. Mama alipojitazama kwenye kioo, meno yalikuwa meupe. Alitabasamu bila mkono. Sikuwa nimeliona tabasamu lake zima tangu utoto wangu, na nilijiona nimezaliwa upya mimi mwenyewe.

Jioni ile kwa shangazi, adhana ikalia, mama akachukua tende, akafuatisha uji. Kwenye kijiko cha pili akaacha kula. Akatoa ulimi, na juu ya ulimi simenti mbili, nzima nzima, kama punje za mahindi. Hazikuvunjika. Ziliachia tu, kana kwamba hazikuwahi kushika. Na chini yake meno, meusi tii.

Alizifunga simenti kwenye pembe ya mtandio wake, akamaliza uji, akamwambia shangazi: "Wifi, utamwimba wewe."

Mimi nilitoka nje nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia mama, nikaikasirikia chai ya Yei, nikamkasirikia hata baba, popote alipokuwa. Ningeweza kuolewa bila hina na bila nguo mpya. Lakini nikae chumbani nimefunikwa na nisikie sauti ya mtu mwingine uani, hilo nisingeweza.

Asubuhi nilimshika mama mkono nikamrudisha kilimani, hataki anataka. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Daktari alipoziona zile simenti mbili alizigeuza kiganjani, akatuonyesha upande wa ndani: zilikuwa na utando mweusi, laini, wa kuteleza.

"Unaona? Dawa ilikaa katikati. Dawa ikiwa juu, simenti hapana shika jino, inashika dawa." Akafikiri, akamwuliza mama kwa Kiarabu chao: "Mama, nyumbani kwako ukitaka kukandika ukuta wa zamani, unabandika udongo juu ya vumbi?"

Mama akamtazama kama mtu aliyetukanwa. Yeye! Ambaye kuta zake zilikuwa mfano mtaani! "Nani abandike udongo juu ya vumbi? Unakwangua, unaosha ukuta, unangoja unywe maji, ndipo unakandika. Ukibandika hivi hivi, mvua ya kwanza tu udongo uko chini."

"Haya," daktari akasema.

Halafu mama akaanza kucheka, kwanza kidogo kidogo, mkono mdomoni, kisha mpaka mtandio ukadondoka. "Mwanangu, ungesema ni ukuta tangu jana!"

Lakini kucheka ni kucheka na saumu ni saumu. Kuosha mchana bado alikataa. Nikaanza kuchemka tena. Daktari akaninyamazisha kwa kidole. Alisema kwanza meno yapumzike na dawa yake wiki moja, yawe magumu. Kisha tuje siku hiyo baada ya adhana ya magharibi. Atatungoja.

Ni nani alimlazimisha? Saa kumi na moja alikuwa akifunga mlango akaende kwa watoto wake kama watu wengine. Tulipofika wiki ile ya pili, jua linazama, tulimkuta amewasha karabai na kuitundika juu ya kiti. Juu ya meza, palipokuwa na vyombo siku zote, paliwekwa sinia: tende, chai ya tangawizi, na kisra laini, ile mikate yao myembamba ya mtama, kutoka kwa mkewe. Alikuwa hajagusa. Nilimwuliza kama naye anafunga.

"Hapana," akasema. "Lakini mutu hawezi kula, mama yake iko na njaa mbele yake."

Adhana ikalia kutoka upande wa sokoni. Mama akasema bismillahi, akala tende, na daktari naye ndipo akanywa chai yake. Alimsisitiza mama ale ashibe, kwa kuwa baada ya kuziba hataruhusiwa kutafuna mpaka asubuhi. Nimekula kwenye karamu nyingi tangu siku ile, na sinia ile bado ndiyo ninayoikumbuka nikisema alhamdulillahi.

Kisha kazi. Akakwangua weusi uliokuwa laini juu juu, ukabaki ule mgumu, akaugonga kwa chuma ukalia kama jiwe. Akampa maji. Mama akasukutua, akatema. Tena. Maji yalitoka ya kijivu, kisha ya kijivu kidogo, kisha meupe. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akidai mengine: "Leta, bado, ukuta haujatakata." Daktari akasugua kwa brashi, akaosha mara ya mwisho, akakausha kwa pamba, akaomba mtu asiseme neno. Akachanganya, akajaza, akakandamiza, akashikilia kwa kidole muda mrefu, macho yameelekea darini, midomo inatembea. Nadhani alikuwa anaomba kwa Mungu wake. Nami nilikuwa naomba kwa wangu, na sikuona ubaya wowote wakikutana hapo.

Usiku ule zilikaa. Asubuhi zilikaa. Idi ilikuja, mama akatafuna nyama ya mbuzi kwa uangalifu, upande wa nyuma, na zikakaa. Rangi ilikuwa kama maziwa yaliyoguswa na chai kidogo, na nani angejua?

Siku ya harusi nilikuwa chumbani, nimepakwa hina mpaka viwikoni, nimefunikwa shela nzito, moshi wa udi unanitoa machozi kabla ya wakati wake. Mpambaji alinikataza kusogea. Nje ngoma ikabadilika, nikajua ni zamu ya mama.

Sauti ikatoka. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba mama yangu alikuwa na sauti ya namna ile, au waliniambia sikuelewa. Ilikuwa nzito chini na kali juu, na kila herufi ya meno ilitoka safi, bila mluzi. Nikasikia mayowe ya furaha, nikasikia masufuria yakiachwa. Akaniimba nilivyozaliwa kambini mwa askari, akaniimba nilivyovuka Oraba mgongoni kwake, akaniimba ukaidi wangu, watu wakacheka. Kisha akafika mahali pa jina la baba.

Akanyamaza.

Ngoma ikaendelea peke yake, ikazunguka, ikarudi. Nikasema moyoni: simenti imeng'oka. Ya Mungu, imeng'oka mbele za watu. Nikainua shela nikimbie nje, mpambaji akanikandamiza chini. "Kaa! Unataka kutuaibisha?" Ngoma ikazunguka tena. Nilimfikiria akiwa na mkono mdomoni, na wasichana wa mbele.

Ndipo sauti ikarudi, ile ile, safi. Akaimba: marehemu. Akaliimba neno lote, polepole, halikupungua herufi, kisha jina la baba yangu.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilimsikia shangazi akilia kwa sauti. Mimi sikuwahi kupewa habari ya kifo cha baba na mtu yeyote, nilipewa siku ile, chini ya shela, kwa sauti ya mama. Nililia mpaka wanja ukanishuka mashavuni na mpambaji akaacha kunigombeza. Nje mama aliendelea na wimbo, mstari kwa mstari.

Nilipomaliza fungate nilikwenda kumwona. Nilimkuta amevaa nyeupe, ameketi juu ya mkeka chumbani mwake, ameingia eda. Tulikaa pamoja muda mrefu. Nilipoinuka kuondoka, akanishika nguo.

"Ukienda Arua," akasema, "mpelekee yule daktari jogoo. Mwambie nimeimba mpaka mwisho."

Nilimpelekea wawili.